Nambari ya London inayolia Kibokoni: je, ninavunja sheria?

Bi. Msafiri, Kibokoni

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Naomba msaada wa wenye ujuzi, kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi na kila ninayemuuliza hapa mtaani ananipa jibu lake.

Mimi na mume wangu tuna ofisi ndogo ya utalii hapa Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ngomeni. Wageni wetu wengi ni Waingereza wa makamo na wazee, watu wasiotoa amana mpaka wasikie sauti ya mtu na kumuuliza maswali yale yale mara tatu. Zamani walikuwa wakisita kupiga nambari yetu inayoanza na +254, wengine kwa kuchelea gharama, wengine kwa sababu tu hawajui ni nani atakayepokea. Mwaka jana tukakodi nambari ya London kutoka kwa kampuni moja ya Uingereza, kwa ada ya kila mwezi. Mgeni akiipiga akiwa kwao, kwake ni simu ya ndani ya nchi; huku kwetu inalia katika kompyuta ya ofisi na katika programu niliyoiweka kwenye simu yangu ya mkononi, hata nikiwa kwenye feri ya Likoni. Nikimpigia mimi, anaona nambari ile ile ya London. Sijawahi kumwambia mtu kwamba niko London, ingawa nakiri kwamba si kila mtu huuliza.

Majuma mawili yaliyopita, mwenzetu mmoja wa biashara hii aliniambia mbele ya watu kwamba ninachofanya ni kosa, kwamba nambari ya ng'ambo haitumiki Kenya bila kibali cha serikali, na kwamba siku moja watakuja kuchukua kompyuta zangu. Nilicheka, lakini kicheko hakikufika moyoni.

Pamoja na hilo, kuna mambo mengine matatu ambayo yamening'inia. Tunafikiria kukodi nambari ya Ujerumani kwa ajili ya wageni wanaoshukia Diani. Kaka yangu yuko Dubai, naye anataka tumwekee programu hii katika simu yake ili awapokee wageni saa ambazo sisi tumelala. Na mtoto wa shemeji yangu, ambaye ana akili nyepesi ya biashara, amekuja na kisanduku cha kuwekea laini nyingi kwa pamoja. Anasema ataweza kupokea simu za ndugu zetu walioko Maskati na Jeddah kupitia intaneti, kisha kuziteremsha hapa kwa laini za kawaida za Kenya, na kwamba mapato yake yatalipa kodi ya ofisi na kubaki.

Ni lipi katika haya ambalo ni halali, lipi si halali, na nitajuaje tofauti yake?

Kijana wa Tudor

Mama, usijisumbue. Intaneti haina mipaka, na hakuna askari anayejua programu gani iko katika simu yako. Mimi nina nambari ya Marekani tangu 2021, naitumia kufungulia akaunti za kazi za mtandaoni, ambako nimeandika kwamba naishi Texas, na sijaulizwa na mtu. Kaka yako wa Dubai naye atumie VPN, ile programu inayoficha unatumia intaneti ukiwa wapi, yataisha. Na huyo kijana mwenye kisanduku, kama ana mtaji mdogo, naomba unikutanishe naye.

Fundi Mstaafu

Wa alaykum salaam, Bi. Msafiri. Nilianza kazi ya simu wakati wa Posta na Simu, kabla shirika lile halijagawanywa mwaka 1999, kwa hiyo nitakuambia kwanza hofu ya mwenzako imetoka wapi, maana haikuzuka hewani.

Kulikuwa na wakati ambapo Telkom Kenya peke yake ndiyo iliyokuwa na haki ya kubeba mawasiliano ya kimataifa ya nchi hii. Katika siku hizo, kupiga simu ya ng'ambo kupitia intaneti lilikuwa kosa kweli. Nakumbuka kuingia saiba za mjini nikakuta vile vifaa vya kuvaa masikioni vimefichwa nyuma ya pazia, na mwenye saiba anakutazama kwanza kabla ya kukujibu bei ya dakika. Haki hiyo ya pekee ilikwisha Juni 2004, na baada ya hapo simu za intaneti zikaruhusiwa. Kisha mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zikafika hapa hapa Mombasa, ile ya TEAMS ikitokea Fujairah. Kabla yake mawasiliano yetu ya intaneti na dunia yalipitia setilaiti iliyo takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, na sauti ilikawia karibu nusu sekunde kwenda na kurudi, hata mkawa mnakatizana maneno kama watu wasio na adabu. Mwenzako anaikumbuka sheria ya zamani, ila hakuambiwa kwamba imekwisha.

Sasa tuitazame nambari yenyewe. Kila nambari ya simu duniani hufuata mpango wa Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, ambao hauruhusu zaidi ya tarakimu 15 pamoja na msimbo wa nchi. ITU huipa nchi msimbo, sisi 254, Tanzania 255, Uingereza 44, Imarati 971. Kisha mdhibiti wa kila nchi hugawa zilizobaki. Hapa kwetu ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kule Uingereza ni Ofcom. Kampuni hupewa fungu la nambari, na wewe hupewa na kampuni ruhusa ya kutumia moja. Kwa hiyo ile nambari si mali yako, wala si mali ya kampuni. Ni kama kibanda cha sokoni, unakitumia kwa masharti ya mwenye soko. Ukitaka kujua kama unavunja sheria, muulize kwanza mwenye soko, naye kwa nambari yako yuko London, hayuko Nairobi.

Mgeni wako wa Manchester akipiga, simu yake inaingia katika mtambo wa kampuni yako kule kule Uingereza, na hapo safari yake kama simu imekwisha. Kutoka pale hadi Kibokoni inayosafiri ni data tu, vifurushi vidogo vidogo vya sauti, sawa na data ya mtoto anayetazama mpira. Hakuna laini ya Kenya iliyoguswa. Vivyo hivyo unapompigia wewe: sauti yako inakwenda kama data hadi kwa kampuni, na inageuka kuwa simu ndani ya mtandao wa Uingereza, ikiwa na nambari ambayo kampuni ile ile imekukabidhi.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoumia. Wadhibiti wa Uingereza wamechoshwa na matapeli wanaopiga kutoka nchi nyingine huku wakionyesha nambari za Kiingereza ambazo si zao. Kwa hiyo katika miaka ya karibuni Ofcom imezitaka kampuni kuzuia simu zinazoingia kutoka nje ya nchi zikiwa na nambari ya mezani ya Uingereza, isipokuwa katika hali chache zinazotambuliwa. Simu yako inapita salama kwa sababu haiingii kutoka nje; inazaliwa kwa kampuni yenye nambari. Lakini akitokea muuzaji wa rahisi akakuambia, "Andika nambari yoyote unayotaka ionekane," ujue huyo anakuuzia uongo, na uongo huo utazuiwa njiani siku ambayo una mgeni wa maana.

Kuna kichekesho kidogo pia. Msimbo wa London ni 020, na msimbo wa Nairobi nao ni 020. Ukiandika nambari yako katika tangazo bila +44 mbele yake, Mwingereza ataiona ni ya London na mtu wa Kenya ataiona ni ya Nairobi, na wewe uko Mombasa ambako msimbo wetu wa mezani ni 041. Iandike kamili.

Kuhusu kisanduku cha mtoto wa shemeji yako, ambacho sisi mafundi tunakiita simboksi, kiondoe ofisini kabla hujamaliza kusoma. Hiki kinafanya kinyume cha nambari yako. Simu iliyotoka Maskati, ambayo ilipaswa kuingia kwa lango la kimataifa lenye leseni na kulipiwa ada ya kuingilia nchini, inaletwa kwa mlango wa nyuma na kutolewa kama simu ya jirani. Kila nyumba hapa imeshaonja matunda yake: mama anapokea simu ya mwanawe aliye Omani, kioo kinaonyesha nambari ya 07 asiyoijua, akipiga kurudisha anaambiwa haipatikani. Ndiyo simboksi hiyo.

Wakili wa Ganjoni

Mzee Fundi ameeleza vizuri kuliko tunavyoelezwa sisi mahakamani. Nitaongeza upande wa sheria, nikikumbusha kwamba haya ni maelezo ya jumla na kwamba anayetaka ushauri juu ya mkataba wake ampelekee wakili mkataba wenyewe.

Sheria inayotawala jambo hili kwetu ni Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya mwaka 1998, ambayo imefanyiwa marekebisho zaidi ya mara moja. Inamdai leseni yule anayeendesha mtandao wa mawasiliano au anayetoa huduma za mawasiliano kwa umma. Haimdai leseni mtu anayetumia huduma katika shughuli zake mwenyewe. Bi. Msafiri anapopokea simu za wageni wake kwa nambari aliyoikodi, yeye ni mtumiaji, na mtumiaji hahitaji kibali cha Mamlaka kuzungumza na mteja wake. Lakini tuseme jirani yake mwenye duka la vinyago akamwomba wagawane nambari ile kwa malipo, kisha mwenye hoteli ndogo naye akaja, kisha wa tatu, hapo Bi. Msafiri ameacha kuwa mtumiaji na amekuwa mtoa huduma, hata kama kompyuta ni ile ile na programu ni ile ile. Watu wengi huvuka mstari huo kwa wema, wakidhani wanasaidiana.

Simboksi imevuka mstari huo tangu ilipowashwa. Inabeba simu za umma bila leseni, inakwepa lango la kimataifa, na juu ya hayo inahitaji laini nyingi ambazo mtu mmoja hawezi kuzieleza. Kanuni za usajili wa laini zinataka kila laini ijulikane ni ya nani, kwa hiyo wenye visanduku hivi huishia kutumia vitambulisho vya watu wengine, na kosa moja likazaa la pili na la tatu. Kijana aambiwe kwa upole, lakini aambiwe leo.

Kwa upande wa Uingereza, nambari ya eneo fulani inaweza kutumiwa na mteja aliye nje ya eneo hilo, na ndiyo maana kampuni za huko humuuzia nambari ya London mtu ambaye hakai London. Wanachodai ni kwamba nambari inayoonekana iwe halali, iwe inaweza kupigwa ikapokewa, na iwe kweli imekabidhiwa yule anayeionyesha au ameruhusiwa kuitumia. Tangu 2022 Ofcom pia imezisisitizia kampuni zimjue mteja vyema kabla ya kumkabidhi nambari, basi msishangae mkiombwa nyaraka.

Ujerumani ni habari nyingine kabisa, na hapa nakushauri usilipie chochote kwanza. Mdhibiti wao, Bundesnetzagentur, bado anaifunga nambari ya mji na mji wenyewe: anayepewa nambari ya Berlin au Hamburg lazima awe na anwani au uhusiano halisi na eneo hilo. Ukiwa na wakala huko mwenye ofisi yake, yeye anaweza kuichukua kwa jina lake na kuitumia katika kazi yake. Ukikosa wakala, usitafute anwani ya kuazima. Wapokee Wajerumani kwa nambari yako ya Kenya au ya London. Kwa uzoefu wangu wa wateja wa Diani, Mjerumani hajali sana msimbo, anajali ukijibu barua pepe yake siku hiyo hiyo.

Namgeukia kijana wa Tudor, bila kumkemea. Kuwa na nambari ya Marekani si kosa, na kuionyesha nambari uliyokabidhiwa kihalali si kosa pia. Marekani wana sheria iitwayo Truth in Caller ID Act ya 2009, inayokataza kuonyesha nambari ya kupotosha kwa nia ya kulaghai, kudhuru au kujipatia kitu cha thamani isivyo haki, na faini yake inaweza kufika dola 10,000 kwa kila kosa. Tatizo lako haliko hapo. Tatizo lako ni neno "Texas". Nambari haikusema unaishi Texas. Wewe ndiye uliyesema, katika mkataba, ili upewe kazi ambayo pengine isingetolewa kwa mtu wa Tudor. Wakigundua, watafunga akaunti na kuzuia malipo, na hutakuwa na mahali pa kulalamika; na Kanuni yetu ya Adhabu, Sura ya 63, tayari inalo kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu. Ukweli kwamba hujaulizwa tangu 2021 si kibali.

Kwa hoja hiyo hiyo, Bi. Msafiri, nilisoma mara mbili pale uliposema kwamba si kila mtu huuliza. Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kwa mnunuzi. Nambari ya London peke yake si maelezo ya uongo, lakini nambari ya London kwenye ukurasa usiotaja Mombasa popote, pamoja na picha ya daraja la mto Thames, hiyo ni habari nyingine. Andika anwani yenu ya Kibokoni chini ya nambari, kwa herufi zinazosomeka. Kama mnarekodi mazungumzo, mwambieni mgeni mwanzoni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kama simu imekuja kwa waya au kwa intaneti.

Mwana wa Mvita, Sharjah

Dada yangu Bi. Msafiri, mimi ni mzaliwa wa Bondeni na nina miaka kumi na moja huku Imarati. Naomba unisikilize juu ya kaka yako, kwa sababu ushauri wa kutumia VPN unaweza kumpotezea zaidi ya kazi.

Huku simu za intaneti haziko huria kama huko nyumbani. Mdhibiti, TDRA, huziruhusu kwa kampuni zenye leseni, nazo ni Etisalat, ambayo siku hizi inajiita e&, na du, pamoja na programu zilizoidhinishwa kama BOTIM. Simu za WhatsApp zimefungwa, ujumbe wa maandishi unapita. Skype ilipokuwa bado hai nayo ilifungwa huku. Programu yenu ya London haimo katika zilizoidhinishwa. Pengine itakataa kuunganisha, pengine itaunganisha leo na kukataa kesho, lakini kukubali kwa mtambo si ruhusa ya sheria.

VPN yenyewe si haramu. Makampuni na mabenki ya huku yanaitumia kila siku. Kinachoadhibiwa ni kuitumia kuficha anwani yako ya intaneti ili kutenda kosa au kuzuia kosa lisigunduliwe, na kupita uzio wa simu za intaneti kunaweza kuhesabiwa humo. Sheria ya makosa ya mtandao, Nambari 34 ya mwaka 2021, imeweka faini ya kati ya dirhamu 500,000 na 2,000,000, na kifungo juu yake au badala yake. Mtu wa mshahara wetu hawezi hata kuzihesabu fedha hizo, seuze kuzilipa.

Usichukulie pia kwamba Ghuba yote ni sheria moja. Saudia walifungua simu za intaneti Septemba 2017, na ndugu walioko Jeddah wanazungumza na nyumbani kwa programu zilizoruhusiwa. Ndiyo maana mtu akitoka Jeddah akaja Dubai hudhani simu yake imeharibika.

Njia iliyo safi kwa kaka yako ni hii. Usimwekee programu. Iambie kampuni ya London kwamba saa fulani za usiku simu zipelekwe kwenye nambari yake ya kawaida ya +971. Zitamfikia kama simu yoyote ya kimataifa, kupitia mtandao wenye leseni, na yeye hatakuwa ametumia intaneti kamwe. Mtalipia dakika hizo, na si rahisi, lakini wageni wanaopiga saa tisa za usiku wa Mombasa sidhani ni wengi. Halafu aangalie visa yake inamruhusu kufanya kazi gani, maana kupokea wageni wa biashara ya dada yake kila usiku ni kazi, hata ikiitwa msaada.

Bi. Msafiri, Kibokoni

Nawashukuru wote, na Mzee Fundi namwamkia tena. Kisanduku kimerudishwa, ingawa mwenyewe amenuna. Ujerumani tumeahirisha.

Lakini maneno ya Wakili juu ya anwani ya kuazima yamenichoma, na afadhali niseme hapa kuliko kukaa nayo. Tulipokodi nambari ya London, fomu iliomba anwani ya Uingereza. Binamu yangu yuko Leicester, akakubali tuandike ya kwake, tukaandika. Hakuna aliyetutuma. Tulidhani bila anwani ya huko tutakataliwa. Je, hili nalo ni kosa, au ni jambo la fomu tu ambalo naweza kuliacha lilale?

Wakili wa Ganjoni

Usiliache lilale. Umeipa kampuni maelezo ya mteja ambayo si ya kweli, na hilo ni kuvunja mkataba. Wana haki ya kukunyang'anya nambari bila kukurudishia kitu. Sheria ya Uingereza haikukatazi kuwa mteja wa Mombasa, kwa hiyo uongo huu haukukununulia chochote. Waandikie mwenyewe kabla hawajauliza, ueleze mnakaa wapi, na uambatishe cheti cha usajili wa biashara. Anayejisahihisha husikilizwa tofauti na anayegunduliwa. Weka pia nakala ya barua hiyo na tarehe yake.

Fundi Mstaafu

Mimi nina sababu nyingine ya kukuhimiza, ambayo mawakili huisahau.

Nambari ya dharura ya Uingereza ni 999. Nambari ya dharura ya Kenya ni 999 vilevile, pamoja na 112 na 911. Kampuni za simu za intaneti za Uingereza hutakiwa kumfikisha mteja kwa 999 ya kwao na kumpa mpokeaji anwani iliyoandikwa katika fomu. Sasa fikiria moto umezuka katika vichochoro vya Kibokoni, ambako nyumba zimeegemeana bega kwa bega. Msichana wa ofisi, kwa fadhaa, anabonyeza 999 katika kompyuta iliyo mbele yake. Atakayepokea ni Mwingereza aliye Uingereza, na katika kioo chake imeandikwa nyumba ya binamu yako Leicester. Gari la zimamoto litatoka, litafika haraka sana, litavunja mlango wa binamu yako, na Kibokoni itaendelea kuungua.

Jambo la mwisho, kwa kuwa tumegusa kunyang'anywa. Ukikosa kulipa ada ya miezi michache, nambari hurudi kwa kampuni, nayo baada ya muda inaweza kumpa mtu mwingine. Wageni wako wa zamani watapiga na kupokewa na kinyozi. Nchini Uingereza mteja ana haki ya kuhama na nambari yake kwenda kampuni nyingine, lakini itumie haki hiyo nambari ikiwa bado hai mikononi mwako, usingoje mpaka ife.

Bi. Msafiri, Kibokoni

Niliwaandikia juzi, na jibu limekuja leo asubuhi. Hawakukasirika. Wameomba cheti cha biashara na nakala ya pasipoti ya mume wangu, wakaibadilisha anwani kuwa ya hapa Kibokoni, na wakaeleza kwamba kwa kuwa hatuko Uingereza, simu za dharura hazitapita tena katika programu ile. Tumebandika karatasi kando ya kompyuta inayosema dharura ipigwe kwa simu ya mkononi tu, na chini ya nambari ya London katika ukurasa wetu sasa yameandikwa maneno "Ofisi yetu iko Mombasa, Kenya." Mgeni wa kwanza aliyeyaona, bibi mmoja wa Norwich, alipiga kuuliza kama sasa atatozwa ya kimataifa. Nikamwambia la, na akalipa amana.

Kaka yangu ataanza kupelekewa simu za usiku mwezi ujao, baada ya kuuliza kazini kwake kuhusu visa.